Mwaka Moyo wa Spesioza Uliposimama

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa nje ya duka la dawa karibu na stesheni ya treni, mama mnene mwenye mvi na mkoba wa ngozi, anamkatalia kijana wa bodaboda kwa upole mwingi hadi kijana mwenyewe akaona aibu kuendelea kumbembeleza. Ule upole ndio ulioninasa. Nikajisemea, namjua mtu mmoja tu anayekataa kitu huku anaomba radhi kwa kukataa. Nikamwendea kwa nyuma nikasema, "Daktari, kunywa mwenyewe kwanza, tukuone." Akageuka. Alinitazama usoni asinifahamu, kisha akanitazama mdomo, na hapo ndipo aliponijua. "Zaituni wa Buzebazeba! Bado unaongea?" Nikamwambia, "Shikamoo Daktari. Nitanyamaza siku nikipata mwenye maneno mazuri kuliko yangu." Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukaingia hotelini, tukaagiza chai ya maziwa na sambusa, mimi nikala yangu na nusu ya yake, maana aliniambia sukari imepanda na mimi sikutaka ipande zaidi. Alikuwa amestaafu, kaja Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake. Jina lake Eliwaza, mtu wa milimani Upareni, na zamani zile alitumwa na chuo chake kule Dar es Salaam kuja kupima kama jani la mlavumba kweli linaondoa hofu, kama walivyokuwa wanasema akina mama wa Burundi. "Unajua sikupata jibu?" akaniambia huku anakoroga chai isiyo na sukari. "Mpaka leo mtu akiniuliza mlavumba unatuliza au hautulizi, sina la kusema. Vikombe vyangu mliviharibu nyie wanawake." Nikamwambia, "Daktari, sisi tulikunywa kwa adabu. Adabu yetu ndiyo haikuwa kwenye vitabu vyako."

Nilirudi nyumbani na mwaka ule wote kichwani. Kigoma ilikuwa imejaa watu hadi foleni ya kisimani ilikuwa inagombana kwa lugha tatu. Warundi walikuwa wanashuka milimani kwa miguu na wengine wanakuja kwa ziwa, na ingawa wengi walipelekwa kambini, wapo waliojichomeka mjini kimya kimya, wakalala kwa ndugu na kwa marafiki wa ndugu, wakajifunza kusema "mambo" kwa haraka ili wasiulizwe la pili. Mimi nilikuwa binti wa Ujiji, nimemaliza darasa la saba, na cheti changu kikubwa kilikuwa mdomo. Nilikuwa nauza ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa wapagazi pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, kwenye kibanda cha mabati matatu. Siku moja mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni alisimama kando ya jiko langu, ananitazama ninavyosonga. Akatazama wee, mwishowe akashindwa kuvumilia. Akaninyang'anya mwiko. Alivyougeuza ule ugali! Wapagazi wakaacha kutafuna. Mmoja akasema, "Zaituni, wewe kuanzia leo osha sahani." Huyo ndiye Spesioza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, neno hapa neno pale, na Kirundi changu kilikuwa cha kununulia ndizi, lakini jioni ile tulikwenda wote Buzebazeba kwenye chumba changu, na tukakaa humo mwaka mzima yeye na mimi na binti yake Chantali, ambaye alikuwa bado anahesabika kama mtoto wa kubebwa ila mguu ukigusa chini humkamati.

Kile chumba ningekuchorea hata leo. Mlango ukifunguka unagonga ndoo. Kitanda changu cha kamba upande huu, mkeka wao upande ule, katikati khanga imetundikwa ili kila mtu awe na nyumba yake. Ukutani niliwahi kubandika kalenda ya zamani yenye picha ya sufuria zinazong'aa, na Chantali alikuwa anazisalimia kila asubuhi, "Bwakeye!" Spesioza alikuwa analala na viatu. Vile vya plastiki, vyenye mikanda, anavifunga kabisa. Na beseni lao la nguo halikuwahi kufunguliwa likaisha. Lilikuwa limefungwa kitenge juu muda wote, tayari kwa safari. Mfuniko wa sufuria ukidondoka, kabla haujamaliza kulia, Spesioza yuko mlangoni, mtoto mgongoni, beseni kichwani, anahema. Nilikuwa namwambia, "Spesioza, umesahau jiko, rudi uchukue." Mwanzoni alikuwa hanielewi. Baadaye akawa ananielewa na kucheka, anarudi, anaweka beseni chini, anamweka mtoto chini. Viatu tu ndivyo alivyokuwa havui.

Jirani yetu alikuwa Berita, dada yake baba Chantali. Baba mwenyewe alibaki kule milimani, na namna alivyobaki hakuna aliyependa kuielezea. Berita alikuwa mama mkubwa wa sauti nzito, asiyecheka ovyo, na kwenye ua wake mlavumba ulikuwa umefanya senyenge: majani ya kunatanata, harufu kali inayokupanda puani hadi machoni. Waha, wenyeji wa Kigoma, wanauchemshia kikohozi na tumbo. Berita alikuwa anawapa wanawake wenzake waliotoka Burundi kwa jambo jingine, kwa wale wasiolala, wale wanaoshtuka, wale wanaoanza kusimulia kitu na kusahau walikuwa wanasimulia nini. Habari zikasambaa, zikavuka ukuta, zikafika kwa Daktari Eliwaza, naye siku moja akatokea uani na mzani mdogo, vikombe vya bati, na mkalimani.

Mkalimani alikuwa Bwana Shabani wa Ujiji. Kanzu yake ilikuwa nyeupe hata msimu wa matope, na atari yake ilitangulia kufika. Alikuwa anajua lugha saba kwa kinywa chake mwenyewe. Nami nilikuwa namjua: Kirundi chake na Kiha chake vilikuwa ndugu wa Kirundi changu, vya kununulia. Angeweza kukwambia mbuzi wako amekonda kwa lugha yoyote ya bara hili. Lakini alikuwa mtu mwema, hana makuu na watu maskini, na akikosea anakosea kwa sauti nzuri.

Daktari akatueleza. Wanawake watakuja kila jioni kabla ya jua kuzama. Wengine watapewa kikombe chenye uzi mwekundu, wengine chenye uzi mweupe. Kimoja kina mlavumba, kingine kina majani mengine machungu yasiyo na kazi. Nani kapewa kipi, haambiwi. Bwana Shabani akatafsiri kwa madaha. Mwanamke mmoja akafunga kitenge vizuri, akainuka kuondoka. Berita ndiye aliyesema, kwa Kiswahili ili Daktari asikie: "Muganga, kwetu mtu akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza. Tunaita gusogongera. Asipoonja, unajua anataka ufe. Wewe unatupa kikombe, halafu unasema hutaki tujue kilichomo?" Mimi moyoni nikasema leo kazi imekwisha, mzani urudi Dar. Daktari akaona haya mpaka shingoni. Kisha akainama, akachukua kikombe chenye uzi mwekundu akapiga funda, akachukua cheupe akapiga funda, akakunja uso kote kuwili. Wanawake wakapiga makofi. Berita akampokea kikombe akaonja, akampa Spesioza, Spesioza akaonja akampa mwenzake, na vikombe vikazunguka ua mzima, kila mtu anamwonjea mwenzake kumwonyesha kwamba hamtakii mabaya. Jioni zote zikawa hivyo. Daktari anafunga nyuzi zake, sisi tunazungusha. Alijaribu kukataza mara moja. Alipoona nyuso zetu, akaacha.

Mimi nilijiandikisha kwa sababu Spesioza alikataa kwenda peke yake, na kwa sababu baada ya kikombe kulikuwa na viazi vya kuchemsha. Baada ya siku ile ya kuonja, kabla ya kunywa kwenyewe kuanza, mtu anaitwa jikoni kwa Berita, nyuma ya pazia, anaulizwa maswali. "Zaituni, unashtuka ukisikia mlango unagongwa?" "Inategemea anayegonga, Daktari." "Unapata hofu bila sababu?" "Sababu ninazo tele. Za bila sababu sijazifikia." "Jibu hapana, kidogo, au sana." "Nijibu lipi hapo?" "Zaituni!" "Haya, kidogo." Nikatoka nimeshinda, naona mtihani ni mwepesi kuliko wa darasa la saba. Akaingia Spesioza. Mimi nikakaa nje ya pazia na Chantali magotini, namenya viazi, masikio yako ndani.

Alijibu vizuri mwanzoni. Halafu Daktari akasema, "Muulize, moyo wake unakuwaje?" Bwana Shabani akauliza. Spesioza akaanza kuongea kwa Kirundi, polepole, sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, akaenda akaenda, na mwisho wa kila mzunguko nikasikia yale yale: "Umutima urahagaze." Alipomaliza, Daktari akauliza, "Anasemaje?" Bwana Shabani akakohoa. "Anasema, Daktari... moyo unasimama." "Unasimama?" "Unasimama. Tangu aondoke kwao. Kila siku." Nikasikia kiti kinaburuzwa, nikasikia kile kipimo cha presha kinavyofunguliwa, kile cha kufunga mkononi, na mipira ya masikioni. Daktari alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza tena. "Sasa hivi unakwenda, tena mbio sana," akasema. "Lakini moyo unaosimama mara kwa mara siwezi kuunywesha kitu ambacho sijakijua. Bwana Shabani, mimi ni mtu wa madawa, si wa kutibu. Mwambie kwa upole aende hospitali wamwangalie. Mwambie hapa asinywe tena." Upole ulikuwepo, sikatai. Ila Bwana Shabani maneno yalimpungukia, akatumia mikono. Nilichungulia pembeni ya pazia. Alikuwa ameweka ngumi kifuani, anaifumba na kuifumbua, fumba fumbua, fumba fumbua, halafu akaifumba. Akaiacha imefumbwa. Spesioza alikuwa anaitazama ile ngumi.

Tulipofika chumbani akakaa mkekani, akanivuta mkono. "Zaituni, muganga amekiona." "Amekiona nini?" "Kifo changu. Aliweka mipira masikioni, akakisikiliza." Nikatafuta neno la kumchekesha. Mimi, mtu wa maneno, nikapekua nikakosa. Maana na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, moyo unasimama, na kwetu moyo ukisimama tunaita watu wa kuosha.

Nilimwambia twende hospitali. Akaniuliza, "Wakiuliza karatasi?" Hakuwa na karatasi ya kukaa mjini. Watu walishaona wenzao wanapakiwa kwenye magari ya kambini wakiwa wametoka kununua chumvi. Kwa hiyo hakwenda, na jioni hakuja tena kwenye vikombe, na Daktari akadhani yuko hospitali. Ndivyo mambo yalivyokaa. Spesioza akaanza kufa kwa utaratibu. Aliacha kula mchana. Alifua nguo za Chantali zote na kuzikunja ndogo ndogo. Alinifundisha: "Huyu hali maharage mpaka umenye ganda. Huyu akilia hivi, tumbo. Akilia hivi, uongo." Mimi naitikia, namenya vitunguu makusudi ili machozi yawe na kazi. Kibandani wapagazi wakalalamika. "Zaituni, siku hizi ugali umekosa chumvi." "Ugali hauwekwi chumvi." "Ndiyo tunakwambia hivyo. Ilikuwa inatoka mdomoni mwako."

Halafu akaniambia amebadili shauri. Mtoto hatabaki kwangu. Berita alikuwa amesikia kwamba upande wa kwao kumetulia kidogo, anavuka mpaka kwa boti kurudi kwenye shamba lake, na Chantali ataondoka naye, awe na damu yake mama atakapokuwa hayupo. Nikamfuata Berita uani kwake. Nikamwambia, "Mama Berita, kule bado wanapigana. Juzi tu wamefika watu wapya." Alikuwa anafunga mizigo, hakuinua macho. "Wewe mpika ugali, utamlea mtoto wa watu na nini? Na mzaha?" "Kwa mzaha na ugali, ndiyo. Amenenepa, hujamwona?" "Nimemwona," akasema, na hapo sauti ikapinda. "Nimemwona ana macho ya kaka yangu. Nyumba ninayoirudia haina mtu hata mmoja, Zaituni. Niache nifunge mizigo." Nikamwacha. Nikimkumbuka leo namwona mwanamke aliyekuwa anachemshia wenzake dawa ya hofu kila jioni na yeye mwenyewe anaondoka na hofu yake nzima nzima.

Siku ya safari, boti ya kuvuka ilikuwa iondoke mchana. Asubuhi upepo ulikuwa umechafua ziwa, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa imechelewa. Wanawake walikuwa wamesimama ufukweni, mikono juu ya paji la uso. Mmoja wao alikuwa Mama Rehema, Muha wa pale pale Kibirizi, mteja wangu wa uji, ambaye mumewe alikuwa bado majini. Nikampelekea kikombe. Hakukipokea. Akasema kwa Kiha huku anatazama ziwani, "Zaituni, umutima urahagaze."

Kikombe kilinitoka. Nilimkumbatia kiunoni kwa nyuma nikapiga kelele, "Jamani njooni, anakufa! Mama Rehema anakufa!" Wapagazi wakaja mbio na gunia la kumlazia. Mama Rehema akanipiga kiwiko cha mbavu ambacho nakisikia hadi leo. "Niachie! Una wazimu?" "Umesema moyo umesimama!" "Ndiyo umesimama! Mume wangu yuko majini, wako ungekaa?" "Sasa ukisimama si umekufa?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekula sabuni. "We mwana wa Ujiji. Umesimama. Umeinuka. Umesimama kama mimi hapa nilivyosimama." Akajipiga kifua. "Nyie mnasemaje? Mnasema wasiwasi. Sisi moyo ukiwa na wasiwasi haukai, unasimama wima, unangoja." Pale pale mtu akapiga ukelele, mtumbwi wa kwanza umeonekana, wa pili, na wa mume wake ukiwa wa nyuma kabisa kama kawaida yake ya uvivu. Mama Rehema akaanza kumtukana kabla hajafika, kwa furaha. Nikamuuliza, "Na sasa?" "Sasa umekaa. Lete uji."

Uji hakuupata. Nilikuwa nimeshamdandia mtu wa baiskeli aliyekuwa anapeleka dagaa mjini, nikakaa juu ya gunia, nikanuka kama soko, hadi nyumba ya wageni alikofikia Daktari. Alikuwa kibarazani na Bwana Shabani wanapanga nyuzi. Nikasema yote kwa pumzi moja. Daktari akafunika mdomo kwa mkono. Bwana Shabani akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nje ya nyumba. "Nalijua hilo neno," akasema. "Hagarara. Mbuzi wangu nawaambia kila siku, hagarara, simama. Nikajua ni lile lile." Daktari akasema, "Ni lile lile, Bwana Shabani. Hata Kiswahili ni lile lile. Mimi ndiye sikuuliza umesimama vipi." Halafu akasimama yeye. "Boti inaondoka saa ngapi?" Nikamwambia, "Daktari, tukiendelea kuulizana imeondoka."

Tulikwenda na Land Rover yake ya kuazima, isiyo na kioo cha upande mmoja. Tulipofika mwaloni, mizigo ilikuwa imepakiwa, injini inavutwa kamba na haitaki. Berita alikuwa ndani ya boti na Chantali mapajani, mtoto kavalishwa magauni mawili, moja juu ya jingine. Spesioza alikuwa ndani ya maji hadi magotini, ameshika ukingo wa boti. Viatu vyake vya plastiki mguuni. Daktari aliingia majini na sketi yake na viatu vyake vya ngozi, kipimo kimening'inia shingoni. Nilidhani ataeleza. Hakueleza. Nafikiri maneno yalikuwa yameshamchosha. Alivua kipimo shingoni akamvisha Spesioza mipira masikioni, akaweka kile kisahani juu ya kifua chake, akangoja.

Spesioza akaduwaa. Akakunja uso. "Kuna mtu anatwanga," akasema. "Ni wewe," Daktari akamwambia. "Si mimi. Mimi nimesimama tu." Nikaingia majini na mimi. "Spesioza, sikiliza. Wewe ulisema moyo umesimama. Ukamaanisha umesimama na viatu, unangoja kukimbia. Si ndiyo?" "Ego." "Daktari alisikia umezimika. Kama taa. Ndiyo maana akaogopa. Hakukiona kifo. Alisikia Kiswahili." Akanitazama, akamtazama Bwana Shabani aliyekuwa ufukweni, kofia mkononi, anatikisa kichwa kukubali makosa yake mbele ya wapagazi wote. Akashika kile kisahani kwa mikono miwili akakikandamiza zaidi. "Uratera," akasema, yaani unapiga. "Uratera, uratera. Yampaye inka we!" Hicho ni kiapo cha kwao cha mshangao. Akacheka, na kile kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, na bado alikuwa hataki kuvua mipira. Mpagazi mmoja akasema, "Akimaliza na mimi nisikilize wangu, mke wangu anasema sina."

Kisha akamgeukia Berita. "Wifi, nipe mtoto." Berita akamkumbatia Chantali. "Ulishanipa." "Nilikupa nikiwa mfu." "Ulishanipa, Spesioza. Nimeshamwambia habari za nyumba. Nimeshamwambia kuna parachichi." Watu kwenye boti wakaanza kunung'unika, wengine upande huu wengine upande ule, na mwenye boti akaacha kuvuta kamba. Nilifungua mdomo, Spesioza akaniwekea mkono, nyamaza. Akavua mipira masikioni mwake. Akamnyooshea Berita, akamvisha yeye, taratibu kama mtu anayemvisha bibi harusi hereni. Kisahani akakiweka kifuani kwa Chantali, juu ya magauni mawili, akaona hakisikiki, akakipitisha chini yake.

Berita akasikiliza. Mtoto alikuwa ametulia kabisa mapajani, hajalia tangu asubuhi, ana kipande cha muhogo mdomoni na hatafuni. Sote tulikuwa tumemsifu kwa utulivu huo. Berita akasikiliza kwa muda, macho kayafumba, vile vile alivyokuwa anafumba akionja mchemsho wake. Akafumbua. "Urahagaze," akasema. "Wa huyu mtoto umesimama." Akamwinua, akampitisha juu ya ukingo wa boti, Spesioza akampokea. Chantali akaanza kutafuna muhogo wake. Injini ikakubali kuwaka, na Berita akaondoka na mizigo yake na mahali pa mtoto pakiwa wazi mapajani, na alipofika mbali kidogo akageuka akatupigia kelele kwamba senyenge yake ya mlavumba mtu asiikate.

Berita alifika salama, alituletea salamu kwa watu wa boti, na parachichi moja lililofika limeoza. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ile Daktari alimrudisha Spesioza kwenye vikombe. Mimi ndiye niliyechemsha, kwa mafundisho ya kupigiwa kelele na wanawake wote kwa pamoja. Vikazunguka kama kawaida. Uzi mwekundu ukaishia kwa mwenye mweupe. Pale hotelini juzi Daktari aliniambia kwamba alipofika chuoni na matokeo yake wakubwa zake walimuuliza kwa nini kundi lililopewa maji machungu nalo limelala vizuri, akawajibu, "Walionjeana," na hawakumwelewa. Aliniambia hilo bila uchungu. Kilichokuwa kinamuuma bado, alisema, ni kwamba alikuja kupima hofu na akampa mtu hofu kubwa kuliko aliyomkuta nayo. Nikamwambia, "Ulimfuata hadi majini na viatu vya ngozi." Akasema, "Vilikuwa vya kuazima." Tukacheka tena.

Sijui mlavumba unafanya nini. Mimi mwenyewe nilikunywa jioni zote na sikuacha kuongea. Najua tu siku ya mwisho, Daktari alipoita watu mmoja mmoja kuuliza maswali yale yale, hakumtaka Bwana Shabani atafsiri moyo. Alikuwa amejifunza kuuliza mwenyewe, kwa Kirundi cha Kipare ambacho kiliwafanya wanawake wajifiche nyuso kwenye vitenge. Mimi nilikuwa nje ya pazia, kwenye viazi vyangu. "Spesioza, umutima urahagaze?" Spesioza hakuwa mtu wa kujibu ili kumfurahisha mtu. Alikuwa anaupima. "Hapana," akasema mwishoni, kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Haujakaa. Lakini kusimama pia, hapana." "Sasa ukoje?" Nikamsikia anainuka kitini. Nikachungulia. Alikuwa amejikunja katikati ya jiko la Berita, magoti juu, visigino vimegusa chini, mikono imening'inia, kama tunavyokaa wanawake tukipuliza moto.

"Hivi," akamwambia. "Umechuchumaa."

Daktari alikuwa na kalamu mkononi na majibu matatu ya kuchagua. Nilimwona anayatazama yote matatu, moja moja, kisha akaweka kalamu chini akamwambia aendelee kuchuchumaa, asiwe na haraka.